Firigisi ya Tata Mpoyi

Mpoyi alizaliwa Kolwezi, na baba yake vilevile. Kasai, mkoa alikotoka babu yake, aliiona mara moja tu, kwenye ramani ya darasani, ambako ilipakwa rangi ya kijani. Kwa hiyo mwaka 1993, vijana wenye fimbo walipomwambia arudi kwao, alifikiri kwanza wanamwambia aende nyumbani kwake, mtaa wa Dilala, akawashukuru.

Kwao ikawa stesheni ya treni. Mpoyi, dereva wa kreni aliyeinua mitambo mizito kuliko kanisa sasa alitawala turubai, mke wake Kapinga, sufuria mbili na binti wa miaka miwili, Kabedi, aliyekuwa ametoka kuugua surua. Surua iliondoka. Kabedi alibaki, lakini shingo upande: hakusimama, hakulia kwa sauti, na chochote kilichofika mdomoni alikisukuma nje kwa ulimi. Masista walipoleta uji wa soya, aliutazama kama karani anavyomtazama mtu aliyekuja saa ya chakula.

"Bidonda ya kinywa bimepona, mama," muuguzi wa kambi alimwambia Kapinga. "Sasa ni kula tu. Akipanda treni hivi, hatafika."

Mabehewa yalikuwa ya mizigo, yenye mapaa ya bati, na treni ya kwenda Kasai ilikuja ilipojisikia.

Kabla ya treni akaja Kabemba, jirani yao wa zamani, aliyehamia katika nyumba yao ili, kama alivyoeleza mwenyewe, kuilinda. Alikuwa na kuku kwapani.

"Tata Mpoyi, chukua kuku yako."

"Na zile zingine?"

"Tulikula," alisema Kabemba, maana alikuwa mtu mkweli. "Lakini huyu ni mukali. Kila asubuhi anadonoa muke yangu. Anajifanya yeye njo mwenye nyumba."

"Bati inavuja bado?"

"Inavuja."

"Weka sufuria ku kona ya chumba."

"Sufuria mulienda nazo, tata."

Wakakubaliana kwamba hilo ni tatizo.

Kapinga alimpika kuku. Sasa, kwa Waluba wa Kasai, firigisi ni ya baba. Mke akiila, au hata ikionekana kupungua njiani, wazee wa koo mbili watakaa kikao. Mpoyi alikuwa amekwisha kupoteza kazi, nyumba na haki ya kuitwa mwenyeji. Firigisi ndiyo ilikuwa serikali ya mwisho iliyomtambua. Kapinga akaiweka juu ya kifuniko, akampa kwa mikono miwili.

Kabedi, aliyekuwa amelala mapajani mwa mama yake, akanyoosha mkono.

"Anataka ya kwako," alisema Kapinga.

"Mupe paja."

Paja likasukumwa. Maini yakasukumwa pia. Mkono ukabaki umenyooka.

"Ni mutoto mwanamuke, Kapinga. Bakubwa batasema nini?"

"Bakubwa beko Kasai. Hata sura yabo hauijue."

Mpoyi akaitia firigisi mdomoni. Kapinga alimtazama kwa jicho ambalo lingezima kreni. Lakini kinywa kilichotoka kwenye surua hakiwezi firigisi, na mtu lazima ailainishe. Ndipo dereva huyu, ambaye hakuwa ameonja nyama tangu atolewe nyumbani, akaitafuna firigisi yake mwenyewe mpaka ikawa laini, na hakuimeza. Hakuna cheti kinachotolewa kwa kazi hiyo. Akaitoa kidogokidogo kwa vidole, akamlisha bintiye.

Kabedi akameza, akafungua mdomo tena. Baada ya firigisi alikubali mchuzi. Asubuhi Kapinga akautia mchuzi huo katika uji wa masista, nao ukapita bila maswali. Jioni moja Kabedi akashika suruali ya baba yake, akajiinua, akasimama akiyumba kama mlevi mwenye heshima zake. Treni ilipofika, alitembea hadi kwenye behewa, akaanguka kando yake, na akakataa kubebwa.

Huko Kasai, katika mji wa Mwene-Ditu, wazee wa ukoo waliwapokea kwa kuku. Firigisi ikawekwa mbele ya Mpoyi. Kabedi akafungua mdomo. Mpoyi akampa.

Wazee wakaacha kula. Mkubwa wao akauliza, kwa Kiluba cha Kasai kilichompita Mpoyi nusu, hiyo ni desturi ya wapi.

"Ya kwetu," alisema Mpoyi. "Kolwezi."