Kibali cha Kupanda Yath

Dorca hakuwahi kuvunja sheria yoyote ya nchi hii, na alijisifu kwa jambo hilo kupita kiasi kidogo. Miaka thelathini alishona sare za shule kwenye kibaraza chake pale Nyamasaria, akaimba sauti ya pili kwenye kwaya, na hata kuku wa jirani akipotelea kwake alirudishwa akiwa ameshiba. Majirani walimwita Nyar Alego, yaani binti wa Alego, kwa jina la kwao alikozaliwa. Basi siku alipopanda bangi nyuma ya jiko, mashina matatu katikati ya sukuma wiki, alifanya jambo ambalo mpanda bangi mwingine hajalifikiria tangu dunia iumbwe. Alikwenda kwa chifu kuomba ruhusa.

Tusimcheke bado. Mumewe, Dishon, alikuwa fundi wa pampu za maji kwenye mashamba ya mpunga kule Ahero, mtu wa mikono minene na utani mwingi. Saratani ya koo ilimshika mwaka uliopita ikamnyonya mpaka mshipi wake ukahitaji matundu mapya. Alichoweza kumeza alikitapika. "Mjaluo asiyeweza kumeza samaki," alikuwa akiwaambia waliokuja kumwona, "amekufa tayari, bado tu kutangazwa redioni." Wageni walicheka kwa adabu. Dorca hakucheka hata mara moja.

Okello, binamu yake Dishon, ndiye aliyeleta majani ya kwanza, yamefungwa kwenye karatasi ya unga. Dorca alimfukuza. Kisha akamwita arudi, kwa sababu mfa maji haachi kutapatapa, na Dishon alikuwa siku ya nne bila chakula. Aliyachemsha kwa maziwa, mlango ameufunga kama mwizi. Jioni ile Dishon alikunywa uji wa wimbi bakuli zima, akaomba mwingine. Dorca aliingia jikoni, akajifunika uso kwa leso, akalia kwa furaha.

Kununua vichochoroni hakutaka, kwa hiyo alipanda. Ila moyo ulimsuta kila alipomwagilia. Akajiambia kwamba serikali nayo ina wagonjwa nyumbani, haiwezi kukosa utaratibu. Kuuliza si ujinga, wanasema. Hawakusema umuulize nani.

Ofisini kwa chifu alimkuta karani peke yake, kijana wa Bungoma aliyeitwa Walubengo. Alikuwa amekaa ziwani mwaka mmoja, amejifunza maneno ishirini ya Kijaluo, na anajivunia yote ishirini. Sasa Kijaluo kina neno yath. Yath ni mti, na yath ni dawa, neno lile lile moja, na aliyezaliwa nalo hachanganyikiwi hata siku moja. Dorca aliona haya kuitaja dawa yake kwa Kiswahili mbele ya muhuri wa serikali. Akainama mezani, akanong'ona.

"Nataka kibali ya kupanda yath. Ni ya mzee. Nyuma ya nyumba."

"Yath!" Walubengo alifurahi kama mtu aliyeshinda mtihani. "Ngapi, mama?"

"Tatu."

"Tatu peke yake? Mama, siku hizi serikali inataka watu wapande! Panda hata hamsini."

Dorca alishika ukingo wa meza. "Hamsini? Mzee hawezi maliza hamsini."

"Basi wajukuu watafaidi."

"Wajukuu hapana!" alisema Dorca kwa ukali, akishangaa serikali imefikia wapi.

Walubengo aliandika kwamba Mama Dorca, mkazi wa hapa, ameruhusiwa kupanda miti mitatu nyuma ya nyumba yake kwa manufaa ya familia. Akagonga muhuri. Dorca aliposoma neno "miti" aliguswa sana. Aliona karani amemsitiri, hakutaka kumwaibisha kwa maandishi. Alimwombea njia nzima hadi nyumbani, akaitia barua kwenye mfuko wa nailoni na kuifunga kwenye kijiti, pale pale kando ya mashina yake.

Ikafuata miezi miwili mizuri. Naisema hivyo kwa sababu ilikuwa mizuri, hata kama haikuwa halali. Dishon alikula kidogo kidogo, akaketi kibarazani, akamfundisha mkewe namna ya kunyamazisha cherehani iliyolia. Alasiri moja alimeza kipande cha samaki mbuta chenye mchuzi, akakaa amefumba macho muda mrefu, na Dorca akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyejifunza kutembea. Siku hizo aliimba akimwagilia, mchana kweupe, mtu na kibali chake.

Ndipo Sheryl akaja kutoka Bondo. Alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Dorca, kwa hiyo alimwita Dorca mama, na alifanya kazi katika ofisi ya wakili. Alikwenda nyuma ya jiko kuchuma sukuma ya chakula cha mchana. Alirudi bila sukuma, barua mkononi, na uso umempauka.

"Mama, hii kitu ni nini?"

"Kibali," alisema Dorca kwa majivuno.

Sheryl aliketi chini. Alisoma tena, akauliza Dorca alisema neno gani hasa kwa karani, na alipoambiwa, kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Hakikudumu. Alimshika mama yake mkono akamweleza polepole. Barua ile inaruhusu miti, na bangi si mti. Kupanda ni kosa, hata shina moja, na kifungo chake kinaweza kufika miaka ishirini. Chifu hana mamlaka ya kuruhusu, wala karani wake. Ugonjwa haufungui mlango huo. Hakuna karatasi ya mgonjwa kujipandia nyumbani. Na mwenye ardhi anayeacha ipandwe anashtakiwa vilevile.

"Mwenye ardhi ni Dishon," alisema Dorca.

"Ndiyo, Mama. Na hii barua imeandikwa mitatu. Polisi akija atahesabu, atapata mitatu. Umemwonyesha njia mwenyewe."

Dorca aliinuka, akaketi, akainuka tena. "Basi wanifunge. Mimi nitafungwa lakini amekula."

"Na ukifungwa, nani atampikia?"

Dorca aliketi tena. Sheryl akasema kwa sauti ndogo kwamba hospitali ina kliniki ya watu wenye maumivu makali. Wanatoa dawa ya kuzuia kutapika, wanatoa mofini ya kunywa, kwa cheti cha daktari, na hakuna askari anayeweza kumuuliza mtu neno.

"Walituambia," alisema Dorca. "Walituambia mwezi ule wa kwanza. Nikakataa." Alinyoosha kidole kuelekea barabarani. "Sheryl, hiyo chupa ya mofini kila mtu anaijua. Ile alipewa mama yake Griffins, jirani wa hapo mbele, wiki tatu tu tukazika. Hiyo ni dawa ya mtu ambaye anaenda. Hii yangu ni ya mtu ambaye anakula."

Hapo ndipo palipouma. Hakuwa amepanda kwa kutojua kwamba kuna dawa nyingine. Alipanda kwa sababu mmea ule ulimwacha aamini kwamba mumewe ataishi. Sheryl alifungua kinywa kumwambia kwamba chupa haiui mtu, ni ugonjwa unaoua, na wengine huinywa miaka. Hakupata nafasi ya kusema, kwa sababu walisikia kitu kinaburuzwa nyuma ya jiko.

Walimkuta Dishon amepiga magoti kwenye sukuma, fimbo yake imeanguka kando. Alikuwa amesikia yote kupitia dirishani. Shina moja lilikuwa chini tayari, na sasa alivuta la pili kwa mikono ile iliyowahi kufungua nati zilizoshindikana Ahero nzima. Halikutoka.

"Mzee, wacha!" Dorca alimkimbilia, akamshika mabega. "Ukiing'oa umekubali kufa!"

Dishon alipumzika kwanza, pumzi ikimkwaruza kooni. Aliweka mkono wenye udongo juu ya mkono wa mkewe.

"Nyar Alego," alisema, "kufa nilishakubali zamani. Nilikuwa nakungoja wewe."

Dorca aliyaachia mabega ya mumewe. Alikaa pale kwenye udongo, ubavu wake umegusana na wa mumewe, akalia bila kujifunika uso. Sheryl aligeukia ukuta ili asiwatazame. Muda mrefu baadaye Dorca alishika shina lile chini ya mikono ya Dishon, wakavuta pamoja, likatoka na mizizi yake, na la tatu likafuata.

"Hiyo kliniki," aliuliza bila kugeuka, "wanafungua saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, Mama," alisema Sheryl.