Mjamaa Aliyetukimbiza Bila Kusema Tunakimbilia Wapi

Jumatatu asubuhi mke wangu aliingia sebuleni akasema jirani yetu amefariki. Nikauliza, "Yupi?" Akamtaja yule wa nyumba ya pili, muuza vifaa vya mlimani. Nikamwambia haiwezekani, huyo nimemwona dirishani alfajiri anakimbia. "Ndiyo," akasema, "amekimbia, amerudi, amekaa kwenye ngazi avue viatu, mkewe akamwita chai, hakuitika." Niliweka kikombe mezani. Wasomaji wangu mnanijua: safari yangu ndefu kuliko zote kwa siku ni kutoka kwenye kochi hadi jikoni, kwenda kuuliza chakula kimefikia wapi. Kama kifo kina utaratibu, hapa mtaani Rau, mjini Moshi, zamu ilikuwa yangu, na yule jirani ndiye angelibeba jeneza langu, tena peke yake, huku akiwakemea wenzake kwamba hawana pumzi. Tangu siku hiyo nimechanganyikiwa, na ninaandika safu hii nikiwa bado sijachanganuka.

Marehemu alikuwa mjamaa, naye hakuona aibu kusema hivyo hata pale vijana walipomcheka. Alianza maisha kama mpagazi wa Kilimanjaro, akibeba kichwani mizigo ya wageni, na nadhani huko ndiko alikojifunza siasa zake, kwa sababu alisema hakuna mahali utaona tabaka waziwazi kama kwenye njia nyembamba ambamo mmoja amebeba kiti na mwingine anakwenda kukikalia. Magoti yalipochoka akafungua kibanda karibu na stendi, akauza buti, mikoba ya mgongoni, tochi za kichwani na makoti ya mvua yaliyokwisha kupanda mlima na wazungu. Yeye alimwita kila mtu "ndugu". Alimwita hivyo mwenyekiti wa mtaa, mchungaji, na hata mama mkwe wake kule Machame, jambo ambalo nasikia lilizua kikao cha ukoo. "Ndugu mama," alijitetea, nao wakamwambia hilo ndilo limeharibu zaidi.

Kikundi chake kilikutana kila Jumamosi kwenye uwazi ulio kandokando ya msitu wa Rau. Kilikuwa cha watu wa mrengo wa kushoto, na mrengo wenyewe ulikuwa na msusi mmoja, mkulima wa kahawa mmoja, wapagazi kadhaa, walimu wawili wa shule ya msingi, na mimi. Mimi nilichukuliwa nyumbani kwangu, kwa maana halisi ya neno kuchukuliwa. Marehemu alisimama mlangoni akasema, "Ndugu mwandishi, unawaandikia wanyonge umekaa. Sasa nyanyuka uwaone wamesimama." Hoja yake ilikuwa kwamba sisi wapenda usawa ni hodari wa kuongea, lakini mtu akitusukuma kidogo tunaanguka na vitabu vyetu. "Mjamaa asiye na pumzi," alisema, "ni msomaji tu." Basi tulikimbia. Tulipanda na kushuka kingo za mto tukiwa na mikoba iliyojaa unga wa mahindi. Kila mmoja alivaa filimbi shingoni, akabeba chupa ya maji, bandeji na kamba. Kisha yakaja mafunzo ya kujihami. Somo la kwanza lilikuwa kukimbia, la pili kupiga kelele, la tatu kujinasua mkono ukikamatwa: unauvuta kuelekea upande wa kidole gumba cha aliyekushika, kwa sababu hapo ndipo ngumi yake ina mlango. Somo la nne lilikuwa kuanguka bila kuvunjika. Hilo nililiweza vizuri mno. Kunyanyuka kulikuwa katika somo la tano, ambalo sikuhudhuria.

Jumamosi moja alikuja mwenyekiti wa mtaa, amevaa koti na uso wa kiserikali. Watu walikuwa wamempelekea habari kwamba huku msituni kuna jeshi. "Mnajiandaa kwa vita gani?" aliuliza. Marehemu hakujibu kwa hotuba kama tulivyotarajia. Alininyooshea kidole, nami wakati huo nilikuwa nimelala chali kwenye majani, shati limepanda juu, kitambi kinapumua chenyewe. "Ndugu mwenyekiti," alisema, "jeshi gani duniani lingemchukua huyu?" Mwenyekiti alinitazama kwa huruma. Nilimwona akipima. Kisha akaangua kicheko, akasema endeleeni na mazoezi yenu, ila mmpe huyo mzee maji. Kuanzia hapo wenzangu waliniita "kibali". Nikikosa kuja walinung'unika, si kwa sababu ya upendo, bali kwa sababu bila mimi wangeonekana watu wa hatari.

Lakini swali la mwenyekiti lilinibaki tumboni. Sisi wa umri wangu tulilelewa na mchakamchaka. Asubuhi shuleni tulikimbia tukiimba, na hakuna aliyeuliza tunakimbilia wapi. Taifa lilikuwa linatukimbiza, nalo lilionekana kujua njia. Leo mji wa Moshi unakimbia kuliko zamani. Alfajiri barabara zinajaa watu wenye viatu vinavyong'aa na saa zinazowahesabia mapigo ya moyo, na kila mmoja anakimbia kivyake, kwa ajili ya kiuno chake, masikio yamezibwa na muziki wake. Marehemu aliwapungia mkono wote, kisha akatuambia: "Wale wanajitunza. Nyinyi nawataka mtunzane." Nilielewa maneno, sikuelewa kazi. Tukimtunza nani, dhidi ya nani, kwa teke lipi? Nilipomuuliza alisema nifunge kamba za viatu.

Halafu ikaja siku ya Kirua Vunjo, kule juu mlimani. Ilikuwa masika. Yule msusi wa kikundi chetu alipigiwa simu na mama yake mzazi, mjane anayeishi peke yake kwenye kihamba, shamba la urithi la Kichagga, alichoachiwa na mumewe: migomba, kahawa chache, ng'ombe mmoja, na kaburi la mume huyo. Mtoto wa shemeji yake alikuwa ameahidi kukata kipande cha kihamba chenye kaburi hilo na kumpa tajiri wa kujenga nyumba ya wageni, eti mwanamke hana kihamba. Shauri lilikuwa bado liko kwenye baraza la kata. Kijana hakuwa na subira. Asubuhi hiyo alikuja na wenzake, wana nguzo na seng'enge na mapanga, wakaanza kung'oa masale ya mpakani. Wachagga wenzangu hawahitaji kuelezwa, ila kwa wengine niseme: isale ni mmea tunaoupanda kwenye mipaka yote, na jani lake ukimkabidhi mtu uliyekosana naye, kwa mila haruhusiwi kukataa kupatana. Kuling'oa ni kama kufuta saini na kumtukana aliyesaini. Seng'enge ikishasimama, mama yule angekuwa mgeni kwenye kaburi la mume wake.

Marehemu alipuliza filimbi, kikundi kikakusanyika. Gari ilitufikisha mahali barabara ilipogeuka uji wa tope, tukashuka tukapanda kwa miguu. Hapa ndipo historia na mimi tulipoachana. Wenzangu walipanda kama mbuzi. Mimi nilipofika kwenye daraja la mfereji kifua kilishika moto, nikakaa kwenye jiwe. Bibi mmoja mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni akasimama.

"Shikamoo, mama," nilisema kwa pumzi ya mwisho.

"Marahaba. Unaumwa, baba?"

"Hapana. Naenda kumsaidia mtu kule juu."

Alitua mzigo ili acheke vizuri. "Wewe? Mbe, mzee wangu, kaa hapo hapo, huyo mtu atashuka akusaidie."

Nilipofika, mambo yalikuwa yamekwisha. Nguzo zilikuwa chini, na wale vijana wenye mapanga walikuwa wamezikalia, wanatazama viatu vyao. Mtoto wa shemeji alikuwa amesimama katikati ameshika jani la isale kwa mikono miwili, kama mwanaume aliyepewa ghafla mtoto mchanga wa mtu mwingine. Mkono wa shati la marehemu ulikuwa umechanika hadi kwenye bega. Mama mwenye kihamba alikuwa ameanza kuinjika sufuria la mtori wa ndizi, maana watu wote hao sasa walikuwa wageni. Nikauliza kimetokea nini. Msusi akasema marehemu alimkamata kijana kifundo cha mkono, panga likaanguka, ndipo akachuma isale akampa. Mkulima wa kahawa akasema si kweli. Marehemu alipiga magoti kwanza na jani mkononi, na shati lilichanwa na seng'enge. Nikamfuata mama jikoni. "Jani nililichuma mimi," alisema, bila kugeuka kutoka kwenye moto. "Huyo rafiki yenu hajui hata kulikunja. Yeye alisimama tu nyuma yangu, na hao wengine nyuma yake, na hakuna aliyekuwa anahema. Ndipo mkono wangu ukaacha kutetemeka, nikanyoosha." Akakoroga. "Wewe ndiye uliyekuwa unahema?"

Kwa hiyo sijui. Huyu ni mtu aliyekuwa akiita mila hizo mabaki ya utawala wa mangi, wale machifu wa zamani, aliyetufundisha kunasua mikono na kukimbia na unga mgongoni, na siku ilipofika ama alipigana kisha akapatana, ama alipatana bila kupigana, ama hakufanya lolote ila kusimama. Kama dawa ilikuwa jani, filimbi na buti za nini? Kama dawa ilikuwa misuli, kwa nini kijana hakushika panga lake tena tulipoondoka? Shauri bado liko barazani, kwa mwendo wa mabaraza. Lakini mpaka uko palepale, na masale yaliyong'olewa yalichomekwa tena, yakachipua. Jumamosi iliyofuata marehemu alitukimbiza kama kawaida, hata akaongeza unga.

Nilimfuata kibandani kwake nikamtaka aseme ukweli. Alikuwa anapaka buti mafuta. "Ndugu," nikamwambia, "mimi ni mwandishi, nina matoleo matatu ya jambo moja. Niandike lipi?" Akanitazama kwa huruma ile ile ya mwenyekiti. "Ungefika ungeona," akasema, akachukua buti la pili.

Tumemzika Machame, kwenye kihamba cha baba yake. Yule mama wa Kirua alikuja, na mtoto wa shemeji yake alikuja naye, amembebea mkoba. Nilitaka kumvuta pembeni nimuulize, yeye shahidi mkuu, nani alianza na nani alifanya nini. Nikajizuia. Wiki hii nimetembea hadi mtoni na kurudi. Mke wangu akauliza kama nimefukuzwa mahali. Siwezi kusema nimeelewa. Nimepata somo moja tu, nalo si la heshima kwa mtu wa kochi. Tunapenda kubishana, sisi wenye maoni, kama mnyonge atetewe kwa ngumi au kwa jani. Mjadala mzuri huo, ila unafanyika huko juu, mpakani, mbele ya mtu ambaye mkono wake unatetemeka. Aliyebaki darajani anatafuta pumzi hana kura.