Mlango wa Nyaga Njeru

Harufu ya chokaa mbichi hunifukuza nyumbani. Juzi mjukuu wangu alipokuwa akipaka ukuta wa jikoni, hapa kwangu karibu na Karurumo, nilichukua kofia nikaenda kukaa kando ya barabara mpaka ukuta ukauke. Alidhani kifua kinanisumbua. Sikumweleza, maana ningelazimika kuanza na jina letu, na jina hili limenichosha. Naitwa Njeru, mwana wa Nyaga. Simama sokoni Runyenjes uliite kwa sauti, wataitika wanaume wa kutosha kusukuma lori lililokwama. Benki wamewahi kunipa barua ya mtu mwingine, na hospitalini niliwahi kuambiwa nina ugonjwa wa sukari ambao haukuwa wangu. Watu hucheka nikiwasimulia. Mimi sicheki.

Kwetu Embu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Nyaga humzaa Njeru, naye Njeru humzaa Nyaga, na hivyo majina mawili yanapokezana katika boma moja bila mwisho. Boma la jirani nalo lina Njeru wake na Nyaga wake. Wazee hawakuona taabu, kwa kuwa majirani walimpa kila mtu jina la pembeni. Baba yangu alipasua mbao, akaitwa Nyaga Mbao. Mwenzake aliyechechemea aliitwa Nyaga Mguu, na mwingine, mzee wa kanisa, alikuwa Nyaga Kengele kwa sababu ndiye aliyeigonga Jumapili. Wa nne alitundika mizinga ya nyuki kule chini kwenye ukame, upande wa Mbeere, naye alikuwa Nyaga Mizinga. Wote wanne walikuwa wana wa Njeru. Majina ya pembeni yalikaa mdomoni tu. Hakuna aliyewahi kuyaandika popote, mpaka nilipoyaandika mimi.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji walioingia msituni. Tulikuwa tumeondolewa mashambani kwetu tukarundikwa katika kijiji kimoja, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi, na handaki limetuzunguka likiwa na vijiti vilivyochongwa. Lango lilikuwa moja, na hapo walikaa homugadi, wenyeji wenzetu waliolinda kwa niaba ya serikali, wenye bunduki na mikuki. Asubuhi watu wazima walipangwa foleni kwenda kufanya kazi ya lazima. Jioni lango lilifungwa na yeyote aliyebaki nje alijitafutia balaa. Ninachokumbuka zaidi ni moshi, maana nyumba zilikuwa karibu mno, na moshi wa jirani ulikuwa wako. Tulijua nani amepika nini, na nani hakupika.

Shuleni tulikuwa Njeru Nyaga wawili katika darasa la tatu: mimi, na mtoto wa Nyaga Mizinga. Mwenzangu aliandikishwa siku moja kabla yangu, basi mwalimu akamwita Njeru wa Kwanza, na mimi Njeru wa Pili. Yalikuwa matumizi ya daftari tu, lakini watoto hawajui hivyo. "Wa Pili, wewe fagia, Wa Kwanza amechoka," wenzetu walinichokoza, naye alijinyoosha kweli kama mtu aliyechoka. Hesabu nilimshinda. Mwandiko nilimshinda. Bado nilikuwa wa pili, na jambo hilo liliniuma kuliko handaki na bunduki zote za langoni. Leo naona aibu kuliandika.

Siku moja hedimani, yaani msaidizi wa chifu, alitangaza kwamba kila mlango uandikwe majina mawili ya mwenye nyumba, lake na la baba yake, ili wakaguzi wasipoteze muda. Mwalimu akanitaja mimi kwa sababu ya mwandiko. Nikapewa mkebe wa chokaa na kijiti kilichopondwa ncha kikawa brashi. Nilitembea mlango hadi mlango kama karani wa serikali, na akina mama walinisogezea vigoda nifike juu. Nilipofika kwa Nyaga Mguu, nilimwambia hedimani kwamba majina mawili hayatatosha, kwani akina Nyaga Njeru ni wanne. Nikapendekeza niongeze la pembeni. Alinitazama kwa furaha. "Huyu mtoto ana akili," akasema. "Ongeza." Nikaandika NYAGA NJERU MGUU. Kwetu nikaandika NYAGA NJERU MBAO, kwa herufi nzuri kuliko zote. Kwa mzee wa kanisa nikaongeza KENGELE.

Nyumba ya Nyaga Mizinga ilikuwa ya mwisho kwenye mstari. Njeru wa Kwanza alikuwa amekaa mlangoni akila kiazi. "Andika polepole, Wa Pili," akasema. "Usije ukatuharibia mlango." Nikaandika NYAGA NJERU, kisha nikashusha kijiti. Chokaa ilikuwepo, nafasi ilikuwepo. Nikamwambia, "Nyinyi si ndio wa kwanza? Wa kwanza hahitaji alama." Nilitaka wao wabaki bila kitu, wawe akina Nyaga wowote tu. Lakini yeye alifurahi! Alirudi nyuma akautazama mlango kwa majivuno. Mama yake alitoka na ungo mkononi. Hakujua kusoma, ila aliweza kuhesabu maneno.

"Mwanangu, mbona kwetu ni mawili? Mizinga iko wapi?"

"Nafasi haikutosha, Mama Njeru," nikamjibu.

Akanishukuru, akanipa kiazi.

Wiki chache baadaye askari walikuja na gari asubuhi, foleni ya kazi ikiwa imeshapangwa. Ofisa wao alikuwa na karatasi. Alimtaka Nyaga Njeru, aliyesemekana kupeleka chakula kwa watu wa msituni. Hedimani alimweleza kwamba hapa wako wanne. Ofisa hakutaka hadithi. Alitembea kwenye mistari akilinganisha karatasi na milango, na mbele ya mlango wa mwisho akasimama. Majina mawili kwenye karatasi, majina mawili kwenye mlango. Nyaga Mizinga alitolewa kwenye foleni akiwa bado na jembe.

"Bwana, akina Nyaga hapa ni wengi," akasema kwa utulivu.

"Lakini mlango huu ni mmoja," askari mmoja akamjibu, na wenzake wakacheka.

Hedimani aliingiwa na wasiwasi. Akaniita kutoka walipokuwa wamesimama watoto. "Wewe ndiwe uliyeandika. Huyu jina lake limetimia hivyo?" Nilimtazama baba yangu. Alikuwa kwenye foleni, mabega yake yamesimama juu kama ya mtu anayesubiri kupigwa. Nikisema kwamba wote ni Nyaga Njeru na mengine niliongeza mwenyewe, baba naye angepanda lile gari. Hilo nililijua vizuri, na wengi wangenisamehe kwalo. Lakini si hilo tu lililonifunga mdomo. Niliona aibu mtu ajue kwa nini mlango ule niliuacha mtupu. Nikasema, "Limetimia, afande."

Walimchukua. Kabla jua halijatua baba alitoka na panga, akakwangua neno MBAO kwenye mlango wetu mpaka ubao ukabaki na jeraha jeupe. Hakuniuliza lolote. Hakuna siku aliyoniuliza, mpaka alipokufa, na mara nyingine nakasirika kwamba hakunichapa. Ningechapwa pengine ningesema.

Njeru wa Kwanza aliacha shule muhula huo akamsaidie mama yake. Mizinga kule chini ilianguka mmoja mmoja, na nyuki wakahama. Mwalimu, akiwa amebaki na Njeru Nyaga mmoja, akaacha kuniita wa Pili. Nikaendelea mpaka sekondari. Nyaga Mizinga alirudishwa baada ya miaka kadhaa, kifua kikilia kama mlango uliokosa mafuta, na hakupanda mti tena. Kama kweli aliwahi kupeleka chakula msituni, mimi sijui. Wala sijui kama aliyetafutwa alikuwa mwingine kati ya wale wanne.

Mwaka huu nilikutana na mwanawe katika ofisi ya ardhi, Embu mjini. Tulikaa benchi moja, wazee wawili na fimbo zetu, tukingoja hati. Maisha yetu yote tumesalimiana vizuri, na hilo ndilo lililonichosha. Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu mlango, kwamba nafasi ilikuwepo. Alichezea kofia yake.

"Mama alikuwa akikutetea," akasema mwishowe. "Watu wakisema ni mtoto wa Mbao aliyetuuza, yeye alisema hapana, nafasi haikutosha. Amekufa akisema hivyo."

Nilikuwa nimebeba maneno ya kuomba msamaha kwa miaka mingi, na hapo yote yakawa mepesi kama makapi.

Karani, msichana wa umri wa wajukuu wetu, aliinua kichwa akaita, "Njeru Nyaga!" Tukasimama watano. Vijana waliokuwa ofisini wakacheka. Siku hizi hakuna anayechukuliwa kwa ajili ya jina la mwenzake. Kila mtu ana nambari ya kitambulisho, na kompyuta haina wivu wa darasa la tatu. Mjukuu wangu huniambia niache kulalamika, mambo yamenyooka. Labda. Lakini Njeru mwenzangu alisogea mpaka dirishani, akaegemeza fimbo, akamwambia karani, "Mimi ni Njeru Nyaga Mizinga. Andika yote matatu."

"Mzee, kitambulisho chako kina mawili tu."

"Najua. Nafasi ipo?"

Msichana aliitazama karatasi. "Nafasi ipo, lakini siwezi kuandika."

Njeru hakubishana naye. Aligeuka akanitazama mimi.