Weekend ya Nyeri na watoto: nilipanga kila kitu isipokuwa tata wa Gakindu

Wakuu, salamu kwenu nyote, walio kazini wakijifanya wako kazini na walio kitandani wakijifanya wagonjwa.

Ninachoandika hapa ni ukweli mtupu. Najua kila mtu huanza hivyo. Mimi nina sababu ya ziada: kuna mtu wa miaka kumi atakayeusoma uzi huu kabla yenu, na huyo hana mchezo.

Nijitambulishe kidogo. Nauza dawa za mifugo Nanyuki. Wateja wangu wengi wanatoka pande za Doldol, watu wanaojua mbuzi kuliko mimi, kwa hivyo riziki yangu iko mdomoni. Mzee anaweza kuingia dukani kuuliza njia tu, akatoka na dawa ya minyoo ya zizi zima na kunishukuru juu yake.

Nataja hili mapema ili mjue ugonjwa wangu wa maneno ulianzia wapi.

Nina mke na watoto wawili. Nyawira ana miaka kumi, yuko Grade 5. Gichuki ana sita, na yeye dunia yake ni chipsi na swimming pool.

Sasa, sebuleni kwangu kuna picha ya guka, babu yangu mzaa baba. Amekaa kwenye kiti, mkono juu ya goti, na huo mkono una vidole vinne. Nyawira alipokuwa na miaka minne aliniuliza kidole kingine kiko wapi.

Nilikuwa nimechoka. Nikamjibu, "Kilibaki msituni."

Maneno mawili tu, wakuu.

Mtu mzima angejua hayo ni maneno ya kufunga mazungumzo. Mtoto hakujua. Msitu gani? Alikuwa anafanya nini huko? Nani alimkata? Nami badala ya kusema sijui, nikajibu moja baada ya jingine. Ikawa risasi, wakati wa kupigania uhuru. Mwaka uliofuata guka akapata pango lake. Halafu bastola. Nyawira alipofika Grade 5, guka alikuwa na mbwa anayeelewa Gikuyu, Kiswahili na Kiingereza cha kujua maadui wanapanga nini.

Ukweli niliokuwa nao ulikuwa mdogo. Marehemu baba aliwahi kuniambia kidole kilikatwa na mashine ya kahawa. Niambieni nyinyi, nani anamlaza mtoto na hadithi ya mashine ya kahawa?

Na kabla hamjanihukumu, kumbukeni mnakotoka. Huku kwetu kila familia ina mtu aliyekuwa msituni. Ukijumlisha wote wanaotajwa kwenye harusi na matanga, miti ingekosa pa kusimama.

Basi muhula huu shule ikaleta project: Shujaa wa Familia Yangu. Chini yake yameandikwa yale maneno ambayo wazazi wenzangu wa mtaala wa CBC mnayaogopa, mzazi amsaidie mwanafunzi kufanya utafiti.

Nyawira alichora jalada siku hiyo hiyo. "Guka Mwaniki, Simba wa Msitu." Mkono wa vidole vinne, bastola, mbwa pembeni. Halafu akasema anataka kwenda Nyeri mjini, mahali wanapoweka majina ya mashujaa, alione jina la guka kwa macho yake na alinakili vizuri.

Ningeweza kusema ukweli hapo. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni, "Sawa, twende weekend, familia yote."

Wakuu, mimi si mtu wa ratiba. Safari zetu za familia huanza kwa kutafuta kiatu kimoja cha Gichuki. Lakini hii niliipanga usiku na mchana, kwa saa na dakika. Kutoka Nanyuki saa mbili. Kiganjo, dakika kumi za msalani. Kanisa la zamani la mawe. Makaburi ya walowezi. Chipsi. Kuogelea mpaka wachoke. Kulala guest house. Jumapili asubuhi, nyumbani.

Mtu mwenye hofu hutengeneza ratiba safi sana.

Nyawira akaisoma, akauliza makumbusho iko wapi hapo. Nikasema hufungwa weekend. Mama yake akaangalia kwenye simu, akasema, bila hata kuinua kichwa, iko wazi Jumamosi yote. Nikaiingiza kwa kalamu.

Pigo la pili likaja jikoni. Mke wangu akaniambia amempigia tata, tutapita kwake Jumapili baada ya kanisa.

Kwa wasiojua, tata ni shangazi, dada ya marehemu baba. Anaishi Gakindu, Mukurweini, kwenye kahawa ile ile ya guka. Watoto wangu humwita cucu kama nyanya yao. Mimi huniita "baba", kwa sababu nilizaliwa wa kwanza nikapewa jina la baba yake, na kwetu jina likirudi, mtu amerudi. Ananipenda sana, ana kumbukumbu ya kutisha, na ndiye mtu pekee aliye hai aliyemjua guka vizuri. Sikumsahau kwenye ratiba. Nilimruka.

Nilijaribu kusema Gakindu ni mbali na watoto watachoka. Mke wangu akaniangalia tu. Huwezi kufika Nyeri na watoto, ulale hapo, urudi bila kumsalimia shangazi aliye mwendo mfupi namna hiyo. Atajua. Kuna mtu atakuwa amekuona ukinunua ndizi.

Jumamosi ilianza vizuri, lazima niseme. Kanisani Gichuki aliuliza kama kuna swimming pool. Makaburini aliuliza tena, kwa sauti ya chini, nikaona angalau amejifunza heshima.

Makumbusho nikaingia nikiwa nyuma kabisa, mtu wa mwisho, na tiketi zangu mkononi. Binti aliyetuongoza alikuwa mpole na anayejua kazi yake. Nyawira alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua daftari, akamuuliza jina la Mwaniki wa Gakindu liko wapi, yule aliyekuwa na mbwa.

Binti hakucheka. Alinitupia jicho mara moja, na wakuu, lile jicho nililijua. Ndilo ninalomtupia mteja anayeniambia mbuzi wake alikuwa mzima jana. Akainama kidogo, akamwambia Nyawira kwamba walikuwa wengi, na majina mengine hayakuandikwa.

Ningemkumbatia. Nikayarudia maneno yake mara tatu mpaka tukafika kwenye gari. Hayakuandikwa, unaona, si wote waliandikwa.

Nyawira akafunga daftari. "Basi tumuulize mtu alikuwa anamjua," akasema. "Si tunaenda kwa cucu kesho?"

Huo usiku sikulala, na si godoro la guest house.

Jumapili tukanunua vitu vya kumpelekea tata. Unga, sukari, majani ya chai, mikate minne. Huendi kwa shangazi mikono mitupu, na mkate ndio salamu yenyewe. Njiani nilijaribu kumwandaa Nyawira. Nikasema cucu amezeeka, siku hizi anachanganya mambo. Sijivunii hiyo. Hapo nilikuwa namuuza tata yangu mwenyewe ili niokoe mbwa ambaye hajawahi kuelewa Kiingereza.

Tulimkuta amefika kutoka kanisani, bado na kitambaa chake cha kanisa, anawafokea kuku. Alinikumbatia, akaniita baba, akauliza mbona nimenenepa hivi. Akatuingiza jikoni, akaweka sufuria ya chai kwenye meko. Akapokea mikate kwa mikono miwili, akaiweka mezani moja moja, akaitazama.

Nyawira hakungoja chai. Alimuuliza guka alitumia bastola ya aina gani.

Tata akamgeukia mke wangu, kisha mimi, kuona kama ni mchezo. "Bastola ya nini?"

"Ya msituni."

"Msitu gani? Baba alikuwa anaogopa hata kuenda mtoni peke yake." Akacheka, halafu akaona hakuna anayecheka naye. "Hiyo kidole ndio unauliza? Ilikatwa na mashine ya kahawa, hapo factory. Mimi ndio nilitumwa kuitafuta kwa maganda. Sikuiona."

Akaendelea, kwa sababu ukimgusa tata kwenye jambo la baba yake hamalizi upesi. Kumbe guka alikuwa mwoka mikate. Mimi sikulijua hilo. Miaka ile ya hali ya hatari, watu wamekusanywa vijijini na handaki limezunguka, yeye alikuwa na kibali cha kwenda mjini kuoka mikate ya wazungu. Jumamosi alirudi na maganda ya mkate ndani ya koti. Kwenye kizuizi askari walichukua nusu. Nusu nyingine ikaliwa na watoto wa pale kijijini, baba yangu akiwemo, na pia wale ambao baba zao walikuwa msituni kwelikweli.

"Na wakakua, wakamwita kibaraka," tata akasema. "Yeye akanyamaza. Akapanda kahawa."

Akanitazama, si kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya.

"Baba, wewe uko na jina yake na hujui kazi yake?"

Moshi wa jiko ukaniingia machoni, nikageuka kidogo kuangalia dirishani.

Nyawira alikuwa ananitazama mimi. "Kwa hivyo ulinidanganya?"

Mke wangu naye akanigeukia. Nilipomchumbia nilimpa toleo fupi la hadithi ile ile, hilo pia lilikuwa pale mezani na mikate.

Nikasema ndiyo. Nilikudanganya. Nilianza ukiwa mdogo, nikashindwa kuacha. Niliona haya, wakuu, haya ya kweli, ya kutaka kutoka nikafokee kuku.

Hakulia. Aliomba raba. Jina la jalada lilikuwa la penseli, likafutika. Mchoro ulikuwa wa rangi, haukufutika, kwa hivyo aliigeuza bastola ikawa mkate, mkubwa kidogo kuliko kawaida. Mbwa akabaki. Tata alithibitisha kulikuwa na mbwa, ingawa hakuelewa lugha yoyote, hata Gikuyu. Kisha Nyawira akakaa na tata mpaka alasiri, akiuliza na kuandika, na mimi nikapewa kazi ya kumzuia Gichuki asimalize mkate wa mwenyeji.

Tukirudi nilitaka kupatanisha mambo. Tulipofika Kiganjo nikaonyesha kulia, nikasema kutoka hapa mlima unaonekana vizuri kuliko hata kwetu Nanyuki.

Kulikuwa na mawingu matupu.

"Wewe umeuona leo?" Nyawira akauliza kutoka nyuma.

Nikasema leo hapana.

"Basi sitaandika."



Alhamisi mwalimu wake akanipigia simu. Ni mtu wa Bungoma, aliletwa huku na kazi, na huongea polepole kama anayekupa nafasi ya kutoroka. Nikajua nimeitwa kuomba msamaha. Akaniambia amefundisha huku miaka tisa, na kila mwaka hutoa hiyo project. "Mzazi, sijawahi kupata babu mwenye hakuwa msituni," akasema. "Nilikuwa naanza kushangaa nani alibaki nyumbani kukamua ng'ombe. Sasa niko na mmoja. Huyu wa mkate namwamini."

Nyawira atasoma kazi yake mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Nimealikwa. Kuna aya moja inanihusu, na hatairuka. Nilimwambia nitafunga duka niende, akaniuliza, "Hiyo ni ya ukweli ama ni ya msituni?" Ndivyo tunavyoongea nyumbani siku hizi. Hata Gichuki, nikimwambia chipsi zimeisha.

Nilichojifunza ni hiki. Ukitaka kuwapeleka watoto mji wa historia, angalia barabara, angalia hali ya hewa, beba sweta, lakini kabla ya yote maliza historia ya picha iliyo ukutani kwako. Mimi nilikuwa na babu mzuri muda wote huo nikamvua kazi yake, nikampa bastola. Hilo linaniuma kuliko kushikwa.

Sasa zamu yenu. Nani hapa babu yake hakuwa msituni? Semeni alikuwa anafanya nini, hata kama ni kukamua ng'ombe. Hakuna atakayecheka, na akicheka nitamtumia namba ya tata.

NB: Nyawira ameshausoma na amerekebisha mambo mawili. Mikate tuliyompa tata haikuwa minne, ilikuwa mitatu na nusu, Gichuki alianza mmoja kwenye gari.

Na anasema niandike kwamba jikoni hakukuwa na moshi. Cucu anapikia gesi.