Warfa na Wazee Wanaokawia Chooni

Adhana ya adhuhuri imeshasikika, lakini Warfa Abdilatif hana haraka. Ameketi kando ya vyoo vya msikiti mmoja hapa Kutulo, Kaunti ya Mandera, anajaza maji mabirika ya kutawadhia. Macho yake yako mlangoni.

Mzee mmoja ameingia na birika. Wanaume watatu waliokuja nyuma yake wameshatoka vyoo vingine na kutawadha. Yeye bado. Anapotoka, amekunja uso na mkono ameuweka chini ya kitovu.

"Huyo ni wangu," Warfa ananong'ona.

Warfa, 46, ni mhudumu wa afya ya jamii. Kujaza mabirika anajitolea tu, lakini hapo ndipo anapopata wagonjwa wake. Mzee wa huku atakwambia mgongo unamuuma, au baridi imemwingia. Kwamba mkojo unadondoka tone tone, na kwamba usiku anaamka mara tano, hilo hata mkewe haambiwi. Wengine huacha kunywa maji ili wasisumbuke, na kwa joto hili wanajitafutia mawe kwenye figo.

"Baba yangu nilimpelekea birika miaka miwili. Kila siku anakawia zaidi, nami nasema ni uzee," anasimulia. "Tulipomfikisha hospitali mjini Mandera, figo zilikuwa zimekwisha. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu dawa ilikuwepo."

Mzee wa leo ni Gelle Dagane, mfugaji wa ngamia mwenye miaka 70. Warfa anamvuta kando. Tangu jana jioni hajapata hata tone, na tumbo limekuwa gumu. Akingoja zaidi, figo zake nazo zitaharibika.

"Twende zahanati wakutie mpira wa mkojo," Warfa anamwambia.

Gelle anakataa katakata, na si kwa kuogopa maumivu. "Mkojo ukitoka wenyewe, udhu uko wapi? Nitasali vipi?"

Warfa anamwita adeer, yaani baba mdogo kwa Kisomali, kisha anauliza swali la mfugaji. "Adeer, beberu wako akifunga mkojo tangu jana, unafanyaje?"

"Namchinja," Gelle anajibu bila kufikiri, "kabla nyama haijaharibika."

Warfa anacheka mpaka anashika ukuta. "Basi wewe hatukuchinji. Wewe una mpira."

Kwa hoja ya udhu, anamwita imamu, ambaye swali hili si geni kwake. Asiyeweza kuzuia mkojo, imamu anaeleza, hutawadha kila wakati wa sala unapoingia, kisha anasali, na sala yake ni sahihi. Gelle anamtaka arudie. Halafu anapanda pikipiki.

Kwenye zahanati, muuguzi Awil Yahye anamtia mpira, na mkojo unaoingia mfukoni unapita lita moja. Mzee anafumba macho. Baadaye anasema kwa Kiswahili chake, "Mimi nilijua ni kifo iko hapa. Kumbe ni mkojo tu."

Awil haridhiki na mpira peke yake. Anataka Gelle apimwe Mandera. "Tezi dume huvimba na umri, ikabana njia ya mkojo, na mara nyingi si saratani, ila bila vipimo huwezi kujua," anasema. "Na mtu akiona damu kwenye mkojo, au akipata homa pamoja na maumivu ya ubavu, asikae nyumbani."

Majibu yalikuwa mema. Tezi ilikuwa imevimba, saratani haikuonekana, na daktari alimwanzishia Gelle vidonge. Baada ya wiki mbili mpira ulitolewa, na sasa anakojoa mwenyewe.

Warfa anayasimulia haya kwa simu, na ana jipya. Juzi Gelle alimleta kaka yake, Liban, akamkalisha mbele ya Warfa na kuanza kueleza habari za mkojo wa Liban, zote, huku Liban mwenyewe ameinamisha kichwa kwa aibu.

"Sikumwona chooni huyo. Aliletwa," Warfa anasema, na furaha inasikika.

Sasa anapanga kuwafundisha watunzaji wa misikiti mingine, mpaka mji wa Lafey, kuwatambua wagonjwa kama anavyofanya yeye. Lakini si hilo analolitamani zaidi.

"Nataka wazee waje wenyewe," anasema. "Nimechoka kumchungulia mtu mzima anapokwenda kukojoa."