Maji Nyuma ya Zornitsa

Pale mjini Troyan, mtu hafungi safari ya maana bila kumwagiwa maji kizingitini, ili mambo yake yaende laini kama maji. Bi Stoyanka alikuwa na kisufuria cha shaba cha kazi hiyo tu. Alimmwagia bintiye Zornitsa alipokwenda kwenye mtihani wa chuo, akafaulu. Alimmwagia alipohamia Amerika. Huko binti aliosha vyombo vya watu, akasoma, akaosha tena, mpaka akawa mtaalamu wa vijidudu vinavyogandisha maziwa.

“Si angevisoma hapa jikoni kwangu, ninakofunika maziwa blanketi yagande,” Stoyanka alilalamika, huku akimwonyesha kila jirani picha ya binti kavaa joho.

Zornitsa alizicheka habari za maji. Kisha akaomba kuwa mwanaanga. Siku ya kurudi Amerika kwa usaili, baada ya likizo nyumbani, teksi ilifika mapema, akatoka mbio mama yake akiwa bandani anakama mbuzi. Wakamkataa.

“Walikuwa wengi, Mama, tena wazuri kuliko mimi.”

“Walikuwa wamemwagiwa.”

Alipoomba mara ya pili alikuja kwanza nyumbani, ati amekumbuka supu ya maharage. Siku ya kuondoka alitoka mlangoni polepole kama bibi harusi, mpaka viatu vikalowa. Safari hiyo wakamchukua: apande na vijidudu vyake, aone maziwa yanagandaje mahali pasipo uzito.

Magoti ya Stoyanka hayakuweza tena safari ya ndege. Roketi ilipokaribia kuondoka, Zornitsa akiwa ametengwa asiambukizwe mafua, mama alipiga simu.

“Huko nani atakumwagia?”

“Mama, roketi haina kizingiti.”

“Nimeuliza nani. Kizingiti sikukiuliza.”

“Hakuna, Mama. Hawaruhusu mtu kusogea.”

“Basi usipande.”

“Mama.”

“Nakwambia usipande, mwanangu. Mara ile sikumwaga, ukaona.”

Siku yenyewe mji mzima ulijaa kwenye ukumbi wa utamaduni mbele ya televisheni kubwa. Stoyanka alikaa mbele, kisufuria cha maji mapajani, uso kama wa mtu aliyepeleka mgonjwa hospitali. Jirani yake Minko, dereva wa basi mstaafu, hakuweza kujizuia.

“Jirani, hayo ya kunywa au ya kuoga?”

“Ya kukuoshea mdomo.”

Hesabu ya kurudi nyuma ilipoelekea mwisho, Stoyanka alifumba macho.

“Jirani,” Minko akasema, na sauti yake haikuwa na utani, “hebu fumbua.”

Chini ya roketi, kutoka kwenye mabomba mapana, maji yalikuwa yakimwagika, mengi kama mto Osam theluji inapoyeyuka.

“Wanamwaga,” Stoyanka akanong’ona.

Mwalimu wa fizikia akainuka. “Hayo ni ya kupunguza kishindo, kwa sababu mlio wa injini...”

“Mwalimu,” Minko akasema, “kaa, tunaona.”

Moto ukawaka. Stoyanka akamwaga na yake, pale pale sakafuni. Yaliingia kwenye viatu vya Minko, naye hakuvuta mguu.

Simu kutoka juu ilikuja kesho yake. Neno la kwanza la mtaalamu lilikuwa: “Mama, ulimwaga?”

“Wenzako walimwaga ya kutosha. Mimi nilimalizia tu. Mambo yanakwendaje?”

“Laini, Mama.”

“Na maziwa yameganda?”

“Bado.”

“Yafunike blanketi.”