Usiku Tulishusha Mataa ya Jeep

Hii habari ilinipata miye mwenyewe, mwaka wa 2000, wakati wa vita. Lakini maana yake nilielezewa na Kambere mu 2014, mwezi wa munane, mangaribi moja tukiwa tunachambua maharagi kwangu, hapa Bulengera, mu Butembo.

Miaka kumi na ine nilizania naijua. Kumbe sikujua kitu.

Mulishaona batu banashusha mataa ya jeep usiku, katikati ya barabara, na kuifunga chini na mukanda ya kubebea mihogo?

Miye niliifunga na hii mikono yangu.

Ilianzia Beni. Mutoto yangu Kavuo alishikwa na uchungu ya kuzaa. Siku ya pili mangaribi, mutoto alikuwa bado kutoka.

Chenye kilitoka ni mukono. Mukono moja tu, kadogo, ka baridi.

Infirmier Salomon, muuguzi wetu, aliangalia, akanawa mikono, akageuza uso.

« Sema, Salomon. Miye ni mutu mukubwa. »

« Mama, huyu mutoto amelala kikingama. Anahitaji kisu. Na docteur alikimbia juma lililopita, wakati masasi ilikaribia. »

« Donc? Tufanye nini? »

« Butembo. Mbele ya asubuhi. Kama hapana, mutazika babili. »

Kutoka Beni mpaka Butembo ni kilometre makumi tano na kitu. Leo mutu anazimaliza akiwa anakula ndizi. Wakati ule barabara ilikuwa imekufa, mashimo inameza gurudumu nzima. Na usiku hakuna mutu alitembea, isipokuwa mwenye bunduki.

Gari, tulikuwa na Kambere. Ni mutoto ya marehemu dada yangu. Alikuwa chauffeur, dereva ya commerçant moja mwenye maduka, na jeep ilikuwa inalala kwake.

Ile jeep, Beni nzima iliijua, juu ya mataa yake. Phares mbili ya kiwanda, mataa yake ya mbele, zilikuwa zimechoka, mwangaza yake kama macho ya mbuzi mugonjwa. Sasa Kambere akaongeza sita. Projecteur ine kubwa juu ya paa. Mbili ndogo ya manjano chini, ku pare-choc, ile chuma ya mbele.

Vijana ya moto, bale ba pikipiki, balikuwa banamufananisha na kiwanja ya mpira, banamupigia kelele njiani:

« Kambere Stade! Match inaanza saa ngapi? »

« Uliona wapi gardien wa goli anauliza saa? » anabajibu, anapita.

Hata miye nilimucheka. Nilisema huyu mutoto anapenda kuonekana.

Ule usiku nikamuita, akaingia mu chumba, akaona ule mukono. Akatoka, akaangalia mbingu.

« Mama mudogo, tungoje asubuhi. »

« Asubuhi ya nani? »

« Usiku… miye usiku… »

« Uko na mataa munane na unaogopa usiku? Miye nilipanda mulima ya Kabasha na miguu, muzigo ku mugongo, na lampe moja ya mafuta! Leta hiyo suruali, nikupe kikwembe yangu uvae! »

Akachukua clé ya jeep.

Tulilaza Kavuo nyuma ku godoro, kichwa chake ku magoti yangu. Kambere akawasha mataa yote.

Batu ya Mungu! Barabara ikakuwa muchana. Niliona mpaka panya inavuka.

Lakini Kambere aliendesha amekaribisha uso ku kioo, kama mutu anasoma barua ya maandishi madogo. Nikasema mu roho: ni woga.

« Mama, » Kavuo anasema, « kanatikisika? »

« Nani? »

« Kale kamukono. »

« Ndiyo, » nikamudanganya.

Tukafika ku barrière, kizuizi ya maaskari. Jina ya pale naiacha.

Sheria ilikuwa hivi: ukiona moto ya barrière, unazima mataa yote ya inje, unawasha kataa ka ndani, juu maaskari baone nyuso zenu. Ukikosea, risasi njo inauliza.

Tukazima. Tukawasha ka ndani.

Chef wao akakuja na torche, akaanza kucheka.

« Eh! Bandugu, mukuje! Leo stade imekuja kwetu! Weye koko, bibi muzee, huyu amekufa? »

« Bado, chef. Anazaa. »

Akapiga torche kwa Kavuo. Akaona. Kicheko ikakatika.

« Mupite, » akasema. Tena akageuka: « Lakini mataa, munatuachia. »

Nikashuka, nikapiga magoti mu matope. « Chef, mutoto yangu, na wewe ulizaliwa na mwanamuke… »

« Simama, koko. Miye si mubaya. Nachukua mbili tu, ile ndogo ya chini. Ile ine kubwa, mwende nayo. Nani alishakufanyia hivyo mu hii vita? »

« Aksanti, chef! Mungu akuzidishie! »

Sasa Kambere akafungua kinywa: « Chef, nakuomba. Chukua ine ya juu. Niachie mbili ya chini. »

Maaskari bakacheka mpaka bunduki zinagongana.

« Huyu amelewa? Nakuachia ngombe, unalilia kuku? »

« Chef, ya chini njo… »

Nikamufinya ku mukono. « Nyamaza, mupumbafu! Unataka achukue yote? »

Akarudi nyuma hatua moja.

Ni miye nilimunyamazisha. Muikumbuke hiyo, juu miye naikumbuka kila siku.

Bakakata nyaya na pince, dakika mbili, ikaisha. Kambere akarudi ku usukani. Machozi ilikuwa inamuteremuka. Nikasema, mwanaume muzima, analilia bitaa bibili.

Tukaanza kupanda Kabasha. Baridi ikaingia. Kisha ukungu.

Mwenye hajaona ukungu ya kule hawezi kuelewa. Haiko moshi. Ni ukuta. Kambere anawasha ine ya juu: ukuta inakuwa nyeupe, inaturudilia mu macho, kama mutu ametundika shuka mbele ya kioo. Anazima, anabakiza phares ya kiwanda: giza, hata majani huoni. Anawasha tena. Nyeupe. Anazima. Nyeusi.

Akasimamisha gari.

« Mama, » Kavuo akasema kwa sauti ndogo, « tumefika? »

Kambere akaweka paji la uso ku usukani. « Siwezi. »

« Huwezi nini? »

« Siwezi, mama mudogo. Unisamehe. »

« Basi ushuke, utafute jembe! Uchimbe hapa hapa, shimo mbili! »

Nikamwaga matusi yote ya kwetu, ya kiswahili na ya kinande.

Nikatoka inje. Nilikuwa nataka kulia bila Kavuo kuona.

Nikasimama mbele ya jeep, mataa ya juu inawaka. Mwangaza yote ilikuwa inapita juu ya kichwa yangu, inagonga ukungu, inarudi. Nikaangalia miguu yangu. Giza. Miguu yangu sikuiona, na taa ine ilikuwa pale!

Njo nikakumbuka.

Siye bamama ya kubeba mizigo, tulikuwa tunaamka saa kumi ya usiku kwenda soko. Ukungu ilikuwa kila siku. Mwanamuke mwenye akili hainue lampe mbele ya uso. Ukiinua, unajipofusha mwenyewe. Lampe unaishika chini, ku magoti. Ukungu inaelea juu; chini, karibu na udongo, inaacha kanafasi. Hapo njo njia inapita.

Nikapiga kioo.

« Kambere! Shusha ile mataa! »

« Nini? »

« Ishuke ku magoti! »

« Mama mudogo, taa ya gari hapana lampe ya mafuta. »

« Na ukungu ya gari ni ukungu gani? Shuka! »

Akashuka. Akapanda juu ya paa na clé ya kufungulia boulon, spana. Alikuwa anapapasa, anapapasa, mpaka nikamuambia aache kucheza. Akaitoa mbili, akavuta nyaya, zikatosha mpaka chini. Nikafungua mukanda yangu ya kubebea, ile ya kuweka ku paji la uso, miye hutembea nayo kila pahali. Nikaifunga mataa chini ya pare-choc, moja huku, moja kule, nikakaza na meno. Zile mbili ingine tukaziacha zimekufa kule juu.

Akawasha.

Ukuta haikuisha. Lakini chini yake nikaona udongo. Nikaona mawe, majani ya pembeni, shimo moja, hatua kumi mbele. Hatua kumi! Nikapiga kelele kama siku ya arusi.

Kambere hakupiga kelele.

« Mama mudogo, kaa hapa mbele na miye. »

« Na mugonjwa? »

« Kaa mbele. Uniambie njia. »

« Njia si hii unaiona? »

« Weye unaijua na miguu. Uniambie. »

Nikafunika Kavuo na kikwembe, nikakaa mbele. Tukaenda mwendo ya mutu anatembea na fimbo.

« Kushoto kuna shimo. Kuja kwangu. Tena. Basi. Mbele moja kwa moja. Jiwe, jiwe, upite kuume. Hapa kona, polepole, bonde iko kwangu… »

« Sema, mama mudogo. Usinyamaze. »

« Niko nasema! »

Nyuma, Kavuo anaita. « Mama. »

Nikataka kugeuka.

« Usiangalie nyuma! » Kambere akapiga kelele. « Angalia njia! »

« Mutoto yangu ananiita! »

« Angalia njia! »

Nikasema njia. Kavuo anaita tena, mara mbili, mara tatu. Mara ya ine, sauti ilikuwa kama ya ndege. Kisha hakuita tena.

Sasa mutu aniambie. Ni mama gani anasikia mutoto yake ananyamaza, na haangalie?

Niligeuka. Muda ya kuvuta pumzi moja tu.

Jeep ikainama. Gurudumu ya upande yangu ikateremuka pembeni, mawe zikaporomoka mu bonde, na sikusikia zinafika.

« Mama mudogo, sema! Sema! »

« Kushoto! Kushoto yote! Mungu wangu, kushoto! »

Ikapanda. Ikarudi mu barabara.

« Macho yako inafanya kazi gani, weye? » nikamuuliza.

« Sema njia, » akasema.

Nikasema njia mpaka Butembo. Sikugeuka tena. Nilisema mashimo na mawe, masaa na masaa, na mu kichwa nilikuwa najua nabeba maiti ya Kavuo.

Tulifika ku hôpital wakati kengele ya misa ya asubuhi inalia. Bakamuchukua mbio.

Kavuo alipona. Mutoto hapana. Ilikuwa kabinti. Docteur alisema kalikufa mu njia. Saa gani, hakujua.

Miye nilijua saa, nilisema. Ni ile saa Kavuo aliniita na Kambere akanikataza.

Tangu hapo, Kambere nilimutoa mu roho. Akinisalimia, naangalia pembeni. Ku matanga, nakaa mbali. Batu banauliza, nasema: « Huyu ana jiwe hapa ndani. » Miaka kumi na ine.

Mwaka ule wa 2014 moto moja, pikipiki, ikamushusha mbele ya mulango yangu, jua ikiwa inazama. Alikuwa amekonda. Kazi ya chauffeur alishaiacha. Nilikuwa nachambua maharagi na Kavuo. Sikumukaribisha. Kavuo njo alimupa kiti, akamuwekea maharagi ku magoti.

Akaanza kuchambua. Na miye, kwa chuki yangu, namuangalia.

Bidole byake njo bilikuwa binachambua. Macho yake ilikuwa ku ukuta. Anagusa mbegu, anaigeuza, mbovu anatupa.

« Kambere. Unaangalia nini? »

« Siangalie kitu, mama mudogo. »

« Huone? »

« Muchana naona kidogo. Usiku, sijawahi kuona muzuri tangu utoto. Docteur ya macho anasema ni ugonjwa ya kuzaliwa nayo. »

Maharagi ikanianguka.

« Tangu utoto? Na ile mataa sita? »

« Chauffeur haone usiku, nani atamupa gari? Na mataa mingi nilikuwa naona kidogo. Ya manjano ya chini njo ya ukungu. Bakaichukua. »

« Lakini tulishusha ingine. Ikaangaza! Niliona hatua kumi! »

« Weye uliona. » Akacheka kidogo. « Miye niliona weupe tu, kutoka Kabasha mpaka jua ilitoka. Mikono ilikuwa yangu. Lakini mwenye aliendesha ile jeep ni weye. »

Nikainama, nikaokota maharagi.

« Ungegeuka mara ya pili, tungekufa bane, » akasema. « Juu ya hiyo nilikupigia kelele. Niliogopa kukuambia. Ungejua, ungenyamaza kwa woga. »

Bane. Alihesabu na kale kabinti.

Nikamugeukia Kavuo. Hii nilikuwa sijawahi kumuuliza, juu ya woga.

« Uliniita mara ine. Ulifikiri nini juu yangu? »

Kavuo akaweka chini kitunga.

« Mama, nilikuwa nasikia. Kushoto, kuume, jiwe, kona. Kila mara roho ilikuwa inaanza kwenda, nasikia sauti yako inasema njia. Niliacha kukuita juu nilijua uko pale. »

Batoto yangu, munaosoma hii: mutu akifunga mataa mingi ku gari yake, mbele ya kumucheka, uulize giza yake ni ya namna gani. Na mugonjwa wako akikuita na huwezi kugeuka, usinyamaze. Endelea kusema. Sauti inafika pahali mikono haifiki.

Ule usiku Kambere alilala kwangu, mu chumba ya kwanza. Nilimuomba musamaha, akasema, « Tulale, mama mudogo, nimechoka. » Akalala mbele hata ya kuvua viatu, nikavivua.

Kavuo naye akalala.

Miye nilibaki, namaliza maharagi peke yangu. Nikapatia kale kabinti jina, mu moyo, kwa mara ya kwanza. Kisha na miye nikalala.